Moyo Huulizwa Kabla ya Mshipa

Kabla daktari yeyote hajafika Mutomo, Kitui Kusini nchini Kenya, wawindaji wa Ukambani walikwisha kujua kwamba mnyama mkubwa hafi kwa jeraha. Walichemsha vipande vya mti wa sumu, uitwao kivai kwa Kikamba, hadi ukatoa urojo mweusi mzito. Wakaupaka kwenye chembe za mishale, kisha wakazivingirisha ngozi ili usikaushwe na jua. Mshale ukishapenya, damu yenyewe iliibeba sumu hadi moyoni, na moyo ukasimama. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitenga sumu ya aina hiyo kutoka kwenye mti wa jamii hiyohiyo, ikaitwa ouabain, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kwa vipimo vidogo mno kuupa nguvu moyo uliochoka.

Historia ninayotaka kuisimulia inauzunguka moyo huohuo. Mtu anaumwa mguu, shingo au tumbo kwa sababu mshipa wa damu umeziba au umevimba. Daktari anataka kuufungua. Lakini mara nyingi kinachomuua mgonjwa wa namna hii, mezani au siku ya tatu wodini, si mshipa uliokatwa bali ni moyo ambao hakuna aliyeuuliza hali yake. Madaktari walihitaji miongo mingi kulielewa hilo, na watu wa Kitui na Makueni wanastahili kuijua safari hiyo, kwa sababu ugonjwa wenyewe sasa umefika kwao na majibu mengi yaliandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Elimu ya kushona mshipa ilichochewa na mauaji. Juni 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na madaktari waliomzunguka hawakuwa na njia ya kuushona. Akafa wakimtazama. Mjini humo alikuwapo kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Alexis Carrel, ambaye hakukubali kwamba jambo hilo haliwezekani. Alijifunza kushika sindano nyembamba na nyuzi za hariri kwa fundi wa tarizi, na mwaka 1902 akachapisha njia ya kuunganisha ncha mbili za mshipa bila kuuziba. Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo ilibidi dunia isubiri dawa ya kuzuia damu isigande, pamoja na nusukaputi iliyo salama zaidi, ndipo kazi yake ilipoingia katika vyumba vya upasuaji vya kila siku. Mwaka 1948, mjini Paris, Jean Kunlin alichukua vena ya mguu wa mgonjwa mwenyewe akaitumia kama njia ya pembeni, damu iikwepe sehemu iliyoziba. Mwaka 1951, katika mji huohuo, Charles Dubost alikata mshipa mkuu wa tumbo uliovimba na kuweka mahali pake kipande kilichotoka kwa maiti.

Wakati huo Mutomo haikuwa na hospitali. Ni mji mdogo wa Kitui Kusini, kama kilomita 70 kutoka mji wa Kitui ukishika njia ya Kibwezi, wenye vilima vya mawe na nyika kavu inayoteremka kuelekea Tsavo. Kanisa Katoliki lilianza kuipanga Kitui kama eneo lake maalumu mwaka 1956, chini ya mapadri wa Kiltegan kutoka Ireland, na baadaye Kitui ikawa jimbo kamili. Masista wa Mercy, nao Waairishi, ndio waliojenga Hospitali ya Misheni ya Mutomo, iliyowekwa chini ya Bikira Maria wa Lourdes, katika miaka ya 1960. Shirika lao ndilo lililofungua Hospitali ya Mater mjini Nairobi mwaka 1962, hospitali ambayo katika miaka ya 1990 ilianzisha mpango wake mashuhuri wa upasuaji wa moyo. Kwa hiyo shirika moja la watawa limekaa kwenye ncha mbili za barabara moja: huku vumbi la Kitui Kusini, kule mashine za moyo.

Hospitali za nyika za wakati huo zilifanya upasuaji wa kuokoa maisha: akina mama walioshindwa kujifungua, utumbo uliojisokota, mifupa iliyovunjika, mikono na miguu iliyooza baada ya kuumwa na kifutu au baada ya kamba iliyokazwa mno juu ya jeraha la nyoka. Huo wa mwisho ulikuwa upasuaji wa mishipa kwa njia ya kusikitisha, maana daktari alifika damu ikiwa imekwisha kukatika, akabaki na msumeno tu. Mwaka 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wote mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaijua kama Amref, ili bingwa amfuate mgonjwa mahali pasipo na bingwa. Mwaka 1966 Maurice King alihariri kitabu kilichotokana na mkutano wa Makerere kuhusu tiba katika nchi maskini, na kizazi kizima cha madaktari wa wilaya Afrika Mashariki kilikitumia.

Katika hospitali hizo hatari ya mgonjwa ilipimwa kwa macho na mikono. Daktari alivuta ukope wa chini kuona kama damu imepungua, akaangalia slaidi ya malaria, akabonyeza tumbo kutafuta wengu, akauliza mgonjwa alikula saa ngapi, kisha akauliza ndugu gani watatoa damu. Sidharau hata kimoja kati ya vipimo hivyo. Vilitosha kwa wagonjwa wengi wa wakati huo, ambao walikuwa vijana, wembamba, wenye mioyo imara na damu pungufu. Swali la mishipa ya moyo halikuulizwa kwa sababu karibu kila daktari aliamini kwamba Mwafrika hana ugonjwa huo.

Imani hiyo ilikuwa na ushahidi nyuma yake. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu kazi yake Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Katika miaka miwili alilaza wagonjwa wapatao 1,800 na hakukuta hata mmoja aliyestahili kuitwa mgonjwa wa shinikizo la damu. Alipowapima wanaume 1,000 aliona shinikizo likikaribiana na la Wazungu ujanani, kisha likishuka baada ya miaka 40, badala ya kupanda. Hugh Trowell wa Uganda alikaa kazini Afrika Mashariki miongo karibu mitatu kabla ya kuandika, mwaka 1956, pamoja na mwenzake Singh, kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mgonjwa huyo mmoja alitosha kuwa habari ya kuchapishwa katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Denis Burkitt, rafiki yake wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona vilevile kwamba damu kuganda katika vena za miguu baada ya upasuaji, jambo lililowatisha wapasuaji wa London, lilikuwa nadra huko.

Huko Ulaya na Marekani, wagonjwa walikuwa wa aina nyingine. Mpasuaji alishona mshipa vizuri, damu ikapita, mguu ukapata joto, na usiku wa pili mgonjwa akafa kwa mshtuko wa moyo. Ndipo yakaja majaribio ya kuigeuza hatari kuwa namba. La kwanza lilikuwa la kiasi sana. Mwaka 1941 Meyer Saklad, Emery Rovenstine na Ivan Taylor, waliopewa kazi hiyo na chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani, walipanga wagonjwa katika madaraja kufuata hali ya mwili. Walikataa waziwazi kuyaita madaraja hayo kipimo cha hatari ya upasuaji, kwa hoja kwamba hatari inatokana pia na aina ya upasuaji, ustadi wa mpasuaji na uangalizi baada yake. Ninaiheshimu sana hoja hiyo. Madaraja yao, yaliyorekebishwa baadaye, ndiyo yanayoandikwa hadi leo kwenye karatasi za nusukaputi katika hospitali za Kenya, lakini onyo lao limesahaulika njiani.

Mwaka 1977 Lee Goldman na wenzake wa Boston walichapisha fahirisi iliyotokana na wagonjwa 1,001 wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Kila dalili ilipewa alama zake: mshtuko wa moyo ndani ya miezi sita alama 10, dalili za moyo unaoshindwa kazi 11, umri wa zaidi ya miaka 70 alama 5, upasuaji wa dharura 4, na kadhalika. Ilikuwa mara ya kwanza daktari kuweza kujumlisha karibu na kitanda na kusema kwa ushahidi, huyu ana hatari kuliko yule. Lakini wagonjwa wa mishipa walikaidi hesabu. Walikufa zaidi ya alama zilivyotabiri.

Sababu ilionekana Cleveland. Mwaka 1984 Norman Hertzer na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapiga picha za mishipa ya moyo wagonjwa 1,000 waliokuja kutibiwa mishipa mingine ya mwili. Wenye mishipa ya moyo iliyo safi kabisa walikuwa asilimia 8 tu. Robo yao walikuwa na ugonjwa mzito wa moyo ambao ungeweza kurekebishwa. Mshipa ulioziba mguuni, kwa maneno mengine, ulikuwa taarifa kutoka kwenye mtandao mzima.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila muuguzi wa kituo cha afya kati ya Ikutha na Wote alijue, kwa sababu linadanganya hata macho ya mzoefu. Mtu ambaye mishipa ya miguu imeziba hatembei haraka wala mbali. Baada ya hatua mia shavu la mguu linambana, anasimama, maumivu yanaisha, anaendelea. Kwa kuwa hatembei vya kutosha, moyo wake haupati kazi ya kuulalamisha. Ukimuuliza kama kifua kinamuuma atakuambia hapana, na atakuwa anasema kweli. Mguu umeuficha moyo. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 madaktari wa Boston walianza kuujaribu moyo kwa dawa badala ya kumtembeza mgonjwa, huku wakiupiga picha kwa kutumia chembe za mionzi. Mwaka 1989 Kim Eagle na wenzake walionyesha kwamba kipimo hicho cha gharama kina maana hasa kwa wagonjwa wa hatari ya katikati. Walio salama na walio hatarini sana wanatambulika kwa maswali na kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, Thomas Lee na wenzake waliipunguza hesabu hadi mambo sita, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 4,315: upasuaji wenyewe kuwa mzito, ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kazi, kiharusi cha zamani, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, na figo zilizochoka kiasi cha kreatinini kuzidi miligramu 2 kwa desilita. Fahirisi hiyo ya mambo sita ndiyo iliyoenea duniani. Ni rahisi, inakumbukwa, na bado, kwa wagonjwa wa mishipa, inaikadiria hatari kuwa ndogo kuliko ilivyo.

Baada ya kupima ilikuja tamaa ya kutengeneza. Ikiwa moyo ndio unaoua, kwa nini usirekebishwe kwanza? Edward McFalls na wenzake wa hospitali za maveterani wa Marekani waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 510 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa mishipa: wengine mishipa ya moyo ilifunguliwa kwanza, wengine hawakuguswa. Mwaka 2004 walitoa jibu. Baada ya karibu miaka mitatu vifo vilikuwa asilimia 22 upande mmoja na 23 upande wa pili. Kisha ikajaribiwa dawa ya kupunguza mapigo ya moyo. Katika utafiti wa POISE wa mwaka 2008, wagonjwa 8,351 wa nchi 23, dawa hiyo ilipopewa kwa kipimo kikubwa siku ileile ya upasuaji ilipunguza mshtuko wa moyo, lakini ikaongeza viharusi, na vifo vikapanda kutoka asilimia 2.3 hadi 3.1. Nimewasikia watu wakisema tafiti hizo mbili zilikuwa hasara. Kwa hospitali isiyo na chumba cha kufungulia mishipa ya moyo ni zawadi, maana zinathibitisha kwamba mgonjwa wa Mutomo hakukosa uokozi wa hakika kwa kukosa mashine hizo. Kinachomsaidia ni kujulikana mapema, dawa zake za presha na sukari kutokatika, sigara kuachwa, na mtu wa kumwangalia baada ya upasuaji.

Turudi Kenya. Ugonjwa ambao Donnison hakuuona ulikuwa njiani. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakaona shinikizo la damu likipanda katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini, sambamba na chumvi iliyoongezeka katika chakula. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni maisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 23.8 ya Wakenya watu wazima wana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Nadhani hiyo namba ya pili ndiyo nzito zaidi katika makala haya yote. Fahirisi ya Lee inauliza kama mgonjwa ana historia ya ugonjwa wa moyo, kiharusi au kisukari. Mtu ambaye hajawahi kupimwa hana historia yoyote. Hujibu hapana kwa kila swali, na karatasi humtangaza salama.

Kwa hiyo mgonjwa wa mishipa wa leo Kitui Kusini si yule wa kamba na kifutu peke yake. Ni mama wa miaka 60 mwenye kisukari, aliyejikwaa akichunga mbuzi, kidole kikageuka cheusi, akakitibu nyumbani kwa majani hadi donda ndugu likapanda kwenye wayo. Au ni mzee aliyevuta sigara au kunusa ugoro tangu ujana, ambaye mguu unamwamsha usiku hadi auninginize nje ya kitanda. Kuna kipimo ambacho hakihitaji umeme mwingi wala bingwa: mwaka 1950 Travis Winsor alionyesha thamani ya kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya mguu ikishuka chini ya sehemu tisa kwa kumi za ile ya mkono, mshipa una kizuizi, na mwenye kizuizi hicho moyo wake pia uko mashakani. Tahadhari iliyopo ni kwamba kisukari cha muda mrefu hufanya mishipa kuwa migumu, kipimo kikasoma juu kuliko ukweli. Hapo vidole vya muuguzi vinavyotafuta pigo juu ya wayo vina neno lao.

Maswali nayo yalihitaji kuhamia nyumbani. Mwaka 1989 Mark Hlatky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walitunga maswali 12 ya kupima uwezo wa mwili: unaweza kupanda ngazi ghorofa moja au kupanda kilima, unaweza kufanya kazi nzito za nyumba, unacheza gofu, tenisi, unateleza kwenye theluji? Maswali haya si ya mzaha. Mwaka 2018 Duminda Wijeysundera na wenzake walichapisha katika Lancet utafiti wa wagonjwa 1,401 wa nchi kadhaa: daktari alipokadiria kwa kumtazama mgonjwa, alitambua chini ya mmoja kati ya kila watano waliokuwa kweli na uwezo mdogo wa mwili. Maswali ya Duke yalitabiri vizuri zaidi madhara ya moyo baada ya upasuaji. Macho ya daktari, hata daktari mzuri, hayatoshi.

Lakini gofu haichezwi Mutomo. Kilima kipo, na kazi zipo nzito kupita tenisi yoyote. Wanawake wa Kitui Kusini huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka, hujaza mitungi ya lita 20 na kupanda nayo ukingo wa mto. Anayefanya hivyo bila kusimama kupumua ameupima moyo wake kuliko mashine nyingi za Nairobi zinavyoweza. Swali linalofaa ni, "Mama, maji ya nyumbani unachota mwenyewe?" na akijibu kwamba siku hizi wajukuu na punda ndio wanaochota, swali la pili lifuate hapohapo: tangu lini, na ni nini kilichokufanya uache? Goti, mguu unaobana, au pumzi? Majibu matatu hayo yanaelekeza sehemu tatu tofauti. Msingi wa maswali ya Duke unabaki, yaani kazi gani mwili unaweza kuibeba. Ni mifano tu inayobadilika, na ningependa kuona kazi hiyo ikipimwa Ukambani kwa umakini uleule waliotumia Duke, kwa sababu swali ambalo halijapimwa ni kisio tu.

Afrika Mashariki imewahi kuifundisha dunia katika jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya ukaguzi wa upasuaji, kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, lilichagua hospitali nane: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na ya nane Ifakara, Tanzania, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Ni hospitali ya Kikatoliki ya mashambani, ndugu wa hali moja na ile ya Mutomo. Kabla ya kukata, watu wote chumbani husimama na kusema kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji gani, damu kiasi gani inategemewa kupotea, hofu ni ipi. Katika hospitali hizo nane kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kupima hatari kulitoka kwenye kichwa cha daktari mmoja kukawa mazungumzo, na muuguzi mdogo akapewa haki ya kusema anaogopa nini.

Miaka kumi baadaye Bruce Biccard, daktari wa nusukaputi wa Afrika Kusini ambaye kwa miaka mingi alikuwa amechunguza hatari za wagonjwa wa mishipa mjini Durban, aliongoza utafiti ambao Afrika ilikuwa ikiuhitaji. Hospitali 247 za nchi 25 zilihesabu kila mgonjwa mtu mzima aliyepasuliwa ndani ya wiki moja, wote wakiwa 11,422. Matokeo yalitoka katika Lancet mwaka 2018. Wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye afya zaidi kuliko wastani wa dunia, madhara yao ya upasuaji hayakuzidi ya wengine, na bado asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia. Kati ya vifo 239, vifo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Zaidi ya nusu ya upasuaji wote ulikuwa wa haraka au dharura. Mabingwa wa upasuaji, uzazi na nusukaputi kwa pamoja walikuwa 0.7 kwa kila watu 100,000.

Namba hizo zinanirudisha kwa Saklad na wenzake wa mwaka 1941. Hatari haimo katika mwili wa mgonjwa peke yake. Imo pia katika wodi ya usiku yenye muuguzi mmoja, katika damu isiyopatikana, na katika barabara. Mguu ulioziba ghafla una kama saa sita kabla nyama haijaanza kufa. Kutoka Mutomo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na hadi miaka ya karibuni, kabla ya lami ya Kibwezi, Mutomo na Kitui, sehemu kubwa ya mwanzo ilikuwa vumbi na makorongo. Dharura huongeza alama katika fahirisi kama ile ya Goldman, na wengi huwa dharura kwa kukosa nauli na bima mapema. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliosimamiwa na Charity Ngilu, waziri wa afya na mbunge wa Kitui ya Kati. Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Mwaka 2016 Kaunti ya Makueni ilianza mpango wake, shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka. Ninaiweka hatua hiyo katika historia ya upimaji wa hatari bila kusita, kwa kuwa anayekuja kidole kikiwa bado chekundu ana hatari ndogo kuliko anayekuja kikiwa cheusi.

Kuna upasuaji mmoja wa mishipa unaoweza kulisogeza suala hili karibu zaidi na Ukambani. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodi vifaa kwa ajili ya hospitali 98, zikiwamo mbili za kila kaunti, mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo zikiwamo, na bima ya taifa ikalipia huduma hiyo mara mbili kwa wiki. Mgonjwa wa figo anahitaji mlango wa damu, na mlango bora ni ule uliobuniwa New York na kutangazwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao: ateri na vena za mkono zinaunganishwa chini ya ngozi. Unaweza kutengenezwa kwa ganzi ya mkono tu, bila nusukaputi. Upasuaji ni mdogo, lakini mgonjwa ni wa hatari kubwa: figo zimekufa, mara nyingi ana kisukari, na moyo umebeba presha miaka mingi. Na mkono ukishaunganishwa, moyo unaongezewa damu ya kusukuma kila dakika. Moyo uliokwisha kuchoka unaweza kuelemewa na mlango uleule uliokusudiwa kumwokoa mgonjwa.

Kikundi cha Biccard kilitengeneza pia kikokotoo cha hatari kwa wagonjwa wa Afrika. Kinauliza umri, daraja la hali ya mwili, sababu ya upasuaji, uharaka wake, uzito wake na aina yake. Vyote sita vinajulikana Mutomo bila mashine yoyote. Kisha wakajaribu, katika hospitali 332 za nchi 28, kuwapa wenye alama za juu uangalizi wa ziada: kitanda kinachoonekana kutoka kwenye meza ya wauguzi, vipimo vya mara kwa mara, wodi ya juu zaidi inapowezekana, mwongozo ubavuni mwa kitanda, na ruhusa kwa ndugu kukaa na mgonjwa. Matokeo ya mwaka 2021 yalisema vifo havikupungua. Hospitali zilishajua nani yuko hatarini. Kuagiza vipimo vya kila saa katika wodi isiyo na mikono ya kuvichukua hakumleti muuguzi mwingine.

Kwa hiyo barua ya rufaa ya yule mama wa kidole cheusi, ikiandikwa vizuri na afisa wa kliniki, itakuwa na pigo la kila wayo, presha ya mikono yote miwili na ya kifundo, sukari, kreatinini, karatasi ya umeme wa moyo, dawa anazokunywa, na mwezi alioacha kuchota maji. Itataja kama mguu unaweza kusubiri wiki au saa. Na itakuwa na mstari mmoja ambao fomu nyingi hazina nafasi yake: akirudi kutoka Nairobi siku ya tano, nani atampima usiku, na kwa simu gani atampata aliyempasua.